Albamu fupi: Yavuna Korea, Muze yasikika bila kumlipa msanii

JULAI 21, 2023, kundi la wasichana watano wa Korea Kusini, NewJeans, lilitoa albamu fupi iitwayo Get Up. Ina nyimbo sita ambazo kwa pamoja hazifiki dakika 13, na mmoja kati yake haufiki hata dakika moja. Pamoja na ufupi huo, albamu hiyo iliingia katika chati ya Billboard 200 ya Marekani ikiwa ya kwanza, kwa mauzo yaliyohesabiwa kuwa zaidi ya 126,000, na kuipiku kwa tofauti ndogo sana albamu ya nyimbo za filamu ya Barbie.

Kinachostahili kuzingatiwa na wadau wa muziki hapa nchini si nafasi hiyo, bali namna mauzo hayo yalivyopatikana. Sehemu kubwa yalikuwa CD, kitu cha kushika mkononi, katika zama ambazo nyimbo hizo hizo zilikuwa zikisikika bure kwenye intaneti. Wakorea huiuza CD ikiwa ndani ya kasha lenye kitabu cha picha na kadi ya msichana mmoja wa kundi, na mnunuzi hajui amepata kadi ya nani hadi afungue. Anayemtaka msanii wake hununua kasha la pili, kisha la tatu. Huo ni ujanja wa kibiashara, na wapo Wakorea wenyewe wanaoulalamikia kwa sababu CD nyingi huishia jalalani. Hata hivyo, fedha inaingia, na inaingia kwa jina la wimbo.

Albamu fupi, ambazo hapa nchini huitwa EP, si jambo geni. Februari 2020 Rayvanny wa Mbeya alitoa Flowers. Aprili mwaka huo huo Zuchu, binti wa malkia wa taarab Khadija Kopa, alitambulishwa na WCB Wasafi kwa I Am Zuchu yenye nyimbo saba, na Machi 2022 Diamond Platnumz akafuata na First of All yenye nyimbo kumi. Sababu za kuipenda EP zinaeleweka: gharama ya studio ni ndogo, na msanii hasubiri miaka miwili ndipo asikike tena. Nyimbo hizo zilisikika kila kona ya nchi. Swali ni moja tu: zilinunuliwa wapi?

Chukua mfano wa Muze, mkoani Rukwa. Kata hiyo ya Wilaya ya Sumbawanga iko chini ya Lyamba lya Mfipa, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Anayetoka Sumbawanga mjini hupita Ntendo, akateremka milima na kuiacha baridi ya Ufipa, hadi kwenye joto la mpunga, ufuta na samaki wa ziwani. Huko, kama ilivyo vijijini kwingi, hakuna duka la CD, na simu nyingi hazina bando la kutosha kusikiliza muziki kutwa nzima. Kijana anayetaka nyimbo mpya huchukua memori kadi yake, akaipeleka kwa fundi mwenye kompyuta kwenye kibanda cha kuchaji simu, akalipa fedha kidogo na kuondoka na mamia ya nyimbo. Kutoka hapo nyimbo husambaa zenyewe, simu hadi simu. Korea nayo ilifika vijijini kwa njia kama hiyo, kabla hata ya wasichana wake kuimba: watu waliijua Jumong kutoka kwenye diski zenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili.

Katika biashara hiyo muuzaji wa memori kadi amelipwa. Fundi amelipwa. Bili ya umeme imelipwa pia. Asiyelipwa ni aliyeimba.

Ndiyo maana ile kauli inayorudiwa kila mara kwenye semina za wasanii, kwamba Watanzania hawapendi kulipia muziki, haina ukweli. Kijana wa Muze analipa, tena analipa taslimu. Tatizo ni kwamba hakuna mfereji wa kuipeleka fedha yake kutoka kibandani hadi kwa mwenye wimbo. Hata wale wa mijini wanaotazama video kwenye YouTube hulipa kwa namna nyingine, kwa kutazama matangazo, lakini bei ya matangazo hupangwa kwa kuangalia soko la mtazamaji, na mtazamaji wa Tanzania huthaminiwa chini ya yule wa Marekani au Ulaya. Kwa hiyo msanii hapa huishi kwa maonyesho, kwa mikataba ya ubalozi wa bidhaa na, kwa bahati, kwa miito ya simu.

Mapato ya namna hiyo yanafuata sura ya mtu mmoja. Hapo ndipo makundi ya wasichana yanapokwama.

Afrika Mashariki iliwahi kujaribu. Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars liliibua kundi la wasichana watatu la Blu 3 nchini Uganda, na nchini Tanzania likaibua Wakilisha, lenye wasichana wawili, Witness na Shaa, pamoja na marehemu Langa Kileo aliyefariki Juni 2013. Kenya ilikuwa na Tattuu, nalo la wasichana watatu. Yote yalisambaratika. Sauti hazikupotea, kwa kuwa Cindy wa Blu 3 alikuja kuwa nyota mkubwa wa Uganda akiwa peke yake, na Shaa na Witness nao waliendelea kila mmoja kwa njia yake. Angela Ndambuki wa Tattuu, ambaye ni mwanasheria, aliongoza chama cha haki za watumbuizaji wa Kenya, na mwaka 2020 akateuliwa kuwa mkurugenzi wa kanda ya Afrika kusini mwa Sahara wa IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki. Huenda uzoefu wa kugawana kidogo kwa watatu haukuwa mbali na uamuzi huo.

Mitaani husemwa kuwa wasichana hawawezi kukaa pamoja kwa sababu ya wivu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Hesabu inatosha. Januari 2022, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, Cosota, iligawa mirabaha ya Sh milioni 312 kwa wasanii 1,123. Wastani wake ni takriban Sh 278,000 kwa msanii. Kundi la watu watano likipata mgao huo mmoja, kila msichana anaondoka na Sh 55,600 tu, kabla ya nauli.

Korea nako si peponi. Wasichana hufundishwa kwa miaka kabla ya kupanda jukwaani, na kampuni hujirudishia gharama zake kwanza. Mikataba ilikuwa mirefu kiasi kwamba mwaka 2009 tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara iliweka mfano wa mkataba wenye ukomo wa miaka saba. NewJeans wenyewe walitangaza Novemba 2024 kuachana na kampuni yao ya ADOR, na Oktoba 2025 mahakama mjini Seoul ikaamua kuwa mkataba bado unawafunga. Mgogoro huo, hata hivyo, ulihusu uongozi na kuaminiana. Haukuwa wa kundi lililouza nyimbo likakosa nauli.

Serikali ya Tanzania haikukaa kimya. Baada ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mwaka 2013 zilikuja stempu za kodi za kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Zilikuja wakati CD yenyewe inaaga. Hatua iliyo karibu zaidi na uhalisia wa Muze ni Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoanzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Angalau sasa sheria imeisogelea fedha pale inapopita.

Ugumu uliobaki ni wa kugawa. Kituo cha redio kinaweza kutoa orodha ya nyimbo kilizopiga, na kwa orodha hiyo mirabaha ikahesabiwa. Kibanda hakina orodha. Fundi wa Muze ndiye anayejua kuwa wiki hii wameomba zaidi nyimbo za Zuchu kuliko za Diamond, au kwamba kuna msichana wa Sumbawanga, asiyejulikana Dar es Salaam, ambaye wimbo wake umeingizwa kwenye kila simu ya bondeni. Kwa sheria ya 1999, fundi huyo ananakili bila idhini na anaweza kushtakiwa. Kumpa leseni ya ada nafuu, kwa sharti la kuandika daftarini kila wimbo anaouingiza, kungekuwa rahisi kuliko kumfukuza kutoka mnada hadi mnada, na daftari lake lingekuwa kumbukumbu ya kwanza ya muziki unaosikilizwa bondeni.