Tusiionee Kaboni

Nilipokuwa kidato cha sita, niliandika katika mtihani kwamba kloroformu na asetoni hushikana kwa bondi ya haidrojeni. Nikapata sifuri. Pembeni palikuwa na wino mwekundu: "Naitrojeni, oksijeni na florini tu!" Nilinyamaza. Leo nasomea ualimu; kalamu nyekundu inakuja mkononi mwangu, na sitaki kuitumia hivyo.

Kanuni ya atomi tatu ni msaada wa kukumbuka, si sheria ya maumbile. Bondi ya haidrojeni hutokea pale haidrojeni inapofungwa kwenye atomi inayovuta elektroni kuliko yenyewe, ikabaki na chaji chanya kidogo, kisha ikavutwa na atomi nyingine yenye elektroni za ziada. Kaboni ya methani huvuta kidogo mno. Lakini kaboni ya kloroformu imezungukwa na klorini tatu zinazoinyang'anya elektroni, nayo huinyang'anya haidrojeni yake. Ukichanganya kloroformu na asetoni, mchanganyiko hupata joto. Joto hilo latoka wapi kama molekuli hazikushikana?

Tazama pia haidrojeni sianidi, sumu inayotufanya tuloweke muhogo mchungu. Haidrojeni yake imeshikwa na kaboni, si na naitrojeni. Hata hivyo, ndani ya fuwele molekuli zake hupanga foleni, haidrojeni ya moja ikielekea naitrojeni ya inayofuata.

Kosa hili lina historia. Mwaka 1962 June Sutor, mtafiti wa London aliyekuwa ameshachambua fuwele za kafeini, aliandika katika jarida la Nature kwamba katika fuwele kadhaa haidrojeni za kaboni zimeisogelea oksijeni kuliko atomi zinazogusana tu. Mwaka 1968 akapingwa na Jerry Donohue, yule yule aliyewasahihisha Watson na Crick kuhusu besi za DNA. Neno la mkubwa likawa zito, na wengi wakaliacha jambo hilo.

Kusema haki, shaka ilikuwa na msingi. Eksirei hutawanywa na elektroni, na haidrojeni ina moja tu, kwa hiyo mahali pake huonekana kwa ukungu. Nyutroni huiona vizuri zaidi. Mwaka 1982 Robin Taylor na Olga Kennard walikusanya miundo 113 ya fuwele iliyopimwa kwa nyutroni, wakapata ushahidi kwamba bondi hizo zipo. Mwaka 2011 muungano wa kimataifa wa kemia, IUPAC, ulitoa fasili mpya: atomi iliyobeba haidrojeni iwe inavuta elektroni kuliko haidrojeni, na pawe na ushahidi wa bondi. Kaboni haikufungiwa mlango.

Wapo watakaosema bondi hizi ni dhaifu. Kweli, nyingi ni dhaifu kuliko za maji. Lakini dhaifu si sawa na haipo. Ukindu mmoja hukatika kwa vidole, ila ukisukwa na wenzake ni mkeka wa kulalia watu. Na sisemi kwamba kila haidrojeni iliyo karibu na oksijeni imefunga bondi: tupime umbali, tuangalie pembe, ndipo tuhukumu.

Wengine watasema wanafunzi watachanganyikiwa. Mimi nasema kinachowachanganya ni kuona joto katika maabara, kisha kuambiwa daftarini kwamba chanzo chake hakiruhusiwi. Hapo hawajifunzi kemia. Wanajifunza kuamini orodha kuliko macho yao.

Walimu wetu, siombi mtaala mpya wala vifaa vya gharama. Naomba neno moja. Mnapofika kwenye naitrojeni, oksijeni na florini, futeni "tu", andikeni "hasa". Nasi wenzangu tunaokwenda kufundisha, tuanze na neno hilo siku ya kwanza.