Keja ni ya Landilodi, Lakini Ukungu ni Wako

Kuna maneno matatu ambayo sisi vijana wa mjini tunayapenda kupita kiasi: "Hii si kwangu." Bomba linadondoka usiku kucha? Hii si kwangu. Ukuta umeota weusi nyuma ya kitanda? Si kwangu. Pazia ni leso iliyoshikwa na waya, kibaraza kimejaa mitungi mitupu na ndala zisizo na wenzake, na ukiulizwa unasema utapanga mambo siku utakapojenga.

Hebu tupige hesabu. Umeingia keja yako ya kwanza ukiwa na miaka 22. Tuseme utajenga ukiwa na 45, na kwa bei hizi za ploti hapo nimekuhurumia. Hiyo ni miaka 23 ya kulala katika nyumba "isiyo yako". Lakini kifua kinachokohoa humo ni chako, na maji yanayodondoka yanasomwa kwenye mita yako.

Nianze na ukungu kwa sababu ndio unaonikera zaidi. Baridi ya Nairobi ikishika kuanzia Juni hadi Agosti, bedsita inageuka sufuria iliyofunikwa. Unapika humo humo, unaoga humo humo, nguo unaanika humo humo kwa kuwa kamba za juu ya paa zina wenyewe, na dirisha umelifunga kwa ajili ya baridi. Mvuke wote huo unagonga ukuta baridi, unageuka maji, na ukungu unapata makao bila kulipa kodi. Watu wengi hufanya nini? Wananunua rangi, wanapaka juu yake, wanapiga picha, wanaposti. Mwezi haujaisha weusi umerudi, sasa ukiwa na mapovu.

Rangi si dawa ya ukungu. Vuta kitanda na kabati zitoke ukutani kama upana wa kiganja ili hewa ipite. Fungua dirisha ukipika, na kila asubuhi hata kama kuna baridi. Sugua weusi kwa Jik iliyotiwa maji, umevaa glavu na dirisha likiwa wazi, na usiwahi kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi, maana gesi inayotoka ni sumu kabisa. Acha ukuta ukauke siku kadhaa, ndipo ufikirie rangi. Lakini kama ukuta unalowa hata siku ambazo hujapika, kama doa linashuka kutoka dari au linapanda kutoka sakafuni, huo si mvuke wako. Ni paa bovu au paipu inayovuja ndani ya ukuta. Hiyo kazi ni ya landilodi.

Na hapo ndipo mambo huwa magumu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na viwango vya usafi vinavyofaa. Maneno matamu. Ukishuka kwenye sheria ya kudhibiti kodi, ile Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nitajie bedsita yenye choo ndani unayoijua ya bei hiyo, nihamie kesho. Sisi wengine tunabaki na karatasi moja aliyoiandika landilodi mwenyewe: usipigilie msumari, usipake rangi, usiweke mimea. Kuhusu nani atatengeneza bomba, kimya. Bunge linafaa kuligusa jambo hili, na kiwango hicho cha Sh2,500 kinafaa kuwa cha kwanza kuondoka. Kwa sasa jilinde. Siku ya kuingia, kabla hata ya kushusha godoro, piga picha kila ufa, kila doa, kila kioo kilichovunjika, na umtumie landilodi au keateka kwa WhatsApp ili tarehe ibaki. Unataka kutengeneza kitu kwa pesa zako ukate kwenye kodi? Uliza kwanza kwa maandishi, subiri "sawa" yake, weka risiti. Dipoziti nyingi hupotea kwa sababu ni neno lako dhidi ya lake, na la kwake ndilo lenye ufunguo wa geti.

Bomba linalodondoka lakini halikuhitaji kesi yoyote. Mara nyingi ni kile kiraba kidogo ndani ya bomba kilichokwisha. Funga maji kwenye valvu kuu, fungua kichwa cha bomba kwa spana, kibebe kiraba chenyewe hadi duka la vifaa vya ujenzi wakupe mwenzake. Bei yake haifiki nauli ya kwenda tao na kurudi.

Haya, fanicha. Hapa sitawalaumu malandilodi, tatizo ni sisi. Mtu anaishi chumba cha futi kumi kwa kumi na ameingia lipa mdogo mdogo ya sofa ya watu saba. Saba gani? Wageni wako wenyewe ni wawili, na mmoja huja kuchaji simu. Ukijumlisha malipo yote ya lipa mdogo mdogo unakuta bei ya mwisho imeiacha mbali ile ya pesa taslimu, na ukichelewa wanakuja kuibeba majirani wakitazama. Kwangu mpangilio ni rahisi: godoro zuri kwanza, kwa sababu thuluthi ya maisha yako unalala, halafu meza moja imara ya kulia na kufanyia kazi, sofa itangoja.

Ukifika wakati wa sofa, mafundi wa kando ya Ngong Road na wa Gikomba watakutengenezea unachotaka, mradi uende na akili. Pima mlango wako, pima na kona ya ngazi, maana huko ndiko sofa hukwama, si chumbani. Mwambie fundi utarudi kuona fremu kabla hajavalisha kitambaa. Kitambaa huficha dhambi nyingi: mbao bichi zitakazopinda zikikauka, vipande vya masanduku, misumari mahali palipostahili gundi na skrubu. Inua kona moja ya fremu. Ikilia au ikijipinda, hapo hakuna sofa. Na usimalizie pesa zote kabla ya kazi kuisha, hata akikuita "boss" mara ngapi.

Kwa kibaraza, Kibera ilitufundisha zamani. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, chakula kilipoadimika, bustani za magunia zilienea huko, na bado zinalisha watu. Chukua gunia, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Katikati simamisha mkebe usio na kitako, ujaze mawe madogo, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na urudie hadi gunia lijae. Ule mnara wa mawe ndio unaofikisha maji chini. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki na spinachi, juu weka vitunguu au dhania. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kunywesha siku ambazo mfereji umekauka. Ya kufulia yenye sabuni kali na Jik mwaga chooni. Vidukari wakija chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mambo mawili tu. Udongo uliolowa ni mzito ajabu, kwa hivyo gunia zima liache liwe la chini. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya tano tumia mitungi ya lita 20 iliyokatwa na kutobolewa chini. Na tazama jua kabla ya kutumia hata shilingi. Kama uko kwenye yale maghorofa ya Pipeline yaliyobanana hadi taa zinawashwa mchana, nyanya sahau. Zungumza na wenzako wa ploti mwende kwa keateka pamoja mwombe kona ya juu ya paa. Mtu mmoja akiomba huambiwa ni fujo. Wapangaji kumi wakiomba, tena wakiahidi kufagia na kumpa keateka sukuma ya Jumapili, huwa ni mradi. Na siku ya kuhama, mtungi wa lita 20 unapanda pikapu na godoro lako.