Viendelezi 27, Fundi Hakuna

Jamani, leo naomba tugombane kidogo.

Kuna kikundi cha vijana hapa Jang'ombe, wengine nimesoma nao skuli, wanajenga wiki ya historia ya mitaa ya Ng'ambo. (Wiki ya kompyuta, si ile ya siku saba. Neno lenyewe limetoka Hawaii, maana yake haraka.) Wamekaa na wazee, wamerekodi, wamenukuu: nani alikuwa na nyumba wapi kabla majumba ya Michenzani hayajasimama miaka ya 1970, ngoma ipi ikichezwa uwanja upi, timu ipi ilivunjika kwa ugomvi gani. Kazi nzuri, wallahi. Programu waliyochagua ni MediaWiki, ile ile inayoendesha Wikipedia, na ni ya bure. Hapo pia sina neno.

Ugomvi wangu ni viendelezi, yaani vile vipande vya programu unavyovichomeka juu ya MediaWiki ili ifanye mambo zaidi. Nimeiona orodha yao. Ishirini na saba! Na kurasa zilizoandikwa hazijafika kumi. Kuna ramani, michoro, kalenda, nyota za kupigia kura makala, sijui kitu gani cha kumwaga picha zikazunguka kama feni. Nikauliza swali moja tu: kila kimoja kati ya hivi, nani anakitunza? Nikajibiwa, "Kaka, wewe andika magazeti yako, haya tuachie." Haya, basi naandika.

Kiendelezi kimeandikwa na mtu. Mara nyingi ni mtu mmoja, anajitolea usiku akitoka kazini kwake. MediaWiki haimngoji. Kila baada ya miaka miwili hivi hutoka toleo la kukaa nalo muda mrefu, linalotengenezwa kwa miaka mitatu; la 1.43 lilitoka Desemba 2024, ahadi yake ni hadi mwisho wa 2027. Muda ukiisha lazima uhame. Sasa kama mwenye kiendelezi kaoa, kapata kazi nyingine, kakichoka, wewe unahama nacho vipi? Unasasisha, unafungua tovuti, unakuta ukurasa mweupe kama sanda. Au unaogopa, unabaki na toleo la zamani, na wezi wa mtandao wanaingia kwa tundu ambalo dunia nzima inalijua. Ukiwa na kimoja cha namna hiyo utahangaika. Ukiwa navyo 27?

Eti wanasema, "Tutachukua vile vinavyotumiwa na Wikipedia, hivyo haviwezi kufa." Haviwezi? Aprili 2023 kiendelezi cha michoro kiitwacho Graph kilizimwa kwenye Wikipedia zote kwa siku moja, ya Kiswahili ikiwemo. Kilikuwa kimejengwa juu ya maktaba ya Vega, matoleo ya kale ambayo waliyoyatengeneza walishaacha kuyahudumia, na likaonekana tundu la usalama. Kurasa zikabaki na mapengo palipokuwa na michoro. Mrithi wake, Chart, alikuja kusambazwa 2025, na michoro ya zamani haikujigeuza yenyewe. Hao ni Wikipedia, wenye mafundi wa kulipwa! Sisi fundi wetu ni mwanafunzi wa SUZA ambaye akimaliza mitihani anatafuta kazi Dar.

Lakini mkasa wa Graph si mbaya kuliko wa mazungumzo, na hapa naomba mnisikilize khasa. Wikipedia iliwahi kuwa na LiquidThreads, kiendelezi cha kupanga majadiliano. Kikaachwa. Kikaja Flow kuanzia 2013, nacho baada ya miaka kikaanza kuondolewa. Vyote viwili vilihifadhi maneno ya watu kwa utaratibu wao wenyewe, nje ya ukurasa wa kawaida, hivyo kuviondoa kukawa ni kazi ya kuhamisha mizigo. Halafu likaja jambo la akili zaidi, DiscussionTools: kinapamba ukurasa wa kawaida wa majadiliano, maneno yanabaki humo humo ndani ya ukurasa. Kikifa kesho, unapoteza kitufe cha kujibu. Neno hata moja halipotei.

Basi swali la kwanza kwangu si kiendelezi hiki kinafanya nini. Ni hiki: siku kikifa, kinakufa na maneno yetu au kinakufa peke yake? Chukua Cargo, kinachopanga taarifa kwenye majedwali. Majedwali hujengwa kutokana na vigezo vilivyomo kwenye kurasa; yakiharibika unayajenga upya, kwa sababu asili iko kwenye maandishi. Hicho nakubali tukae mezani tukijadili. Lakini orodha ya vijana wetu inacho kimoja kinachotunza simulizi kwenye majedwali yake tu, na mara ya mwisho kuguswa na mtengenezaji ni miaka tisa iliyopita. Humo ndimo walimomtia mzee mmoja ambaye tumeshamzika. Yule hatutamrudia na kinasa sauti.

"Kikiharibika tutajua hapo hapo." Hii nayo! Mzanzibari anasema hivi? Waya wa umeme wa baharini uliokuja Fumba kutoka bara ulilazwa 1980. Mwaka 2008 tukakaa gizani kama mwezi mzima. Ukatengenezwa, tukasahau. Desemba 2009 ukakatika tena, giza mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kinanguruma jenereta. Waya mpya ulikuja 2013. Tulijua hapo hapo, ndiyo, tukiwa tumeshika mishumaa.

Kuna na hili la lugha, ambalo hakuna aliyelitaja. Viendelezi vingi vyenye watunzaji hai vimeunganishwa na translatewiki.net, ambako mtu yeyote anaweza kutafsiri vitufe na maelezo kwa Kiswahili. Cha mtu aliyekiacha kitabaki Kiingereza daima, na bibi wa Kwaalinatu anayetaka kusahihisha jina la baba yake atafunga na kuondoka.

Mimi ningeanza na vinavyokuja ndani ya kifurushi cha MediaWiki chenyewe: Cite kwa marejeo, ParserFunctions, na VisualEditor ili watu waandike bila alama za ajabu. Hicho cha mwisho zamani kilidai huduma ya pembeni, Parsoid ya Node.js, ambayo kodi zetu za bei nafuu hazikuiruhusu; tangu toleo la 1.35 la mwaka 2020 Parsoid imo ndani. Picha za zamani za mitaa hazihitaji kuzunguka kama feni.

Kikao ni Jumapili baada ya alasiri. Naenda na orodha ya viendelezi sita, kila kimoja na jina la anayekitunza na tarehe kilipoguswa mwisho. Anayetaka cha saba aje na yake.