Kilemba cha Ukoka kwa Mwanafunzi Mgeni

Saa moja asubuhi, duka la mtaani Mkunazini, Unguja. Kijana mgeni, mkoba begani, kasimama mbele ya mizani, midomo inamcheza. Anayapanga maneno kabla hajayatoa. Kisha yakatoka: “Shikamoo mzee. Naomba boflo mbili na maziwa ya kopo.” Safi kabisa. Mwenye duka akamjibu kwa Kiingereza, akamtajia bei kwa Kiingereza, akamrejeshea chenji kwa Kiingereza. Halafu akanigeukia mimi, kijana yupo palepale, akasema kwa Kiswahili: “Huyu anajua Kiswahili kweli kweli!”

Marahaba hakuitikia. Shikamoo ya mtoto wa watu ikabaki inaning'inia.

Ukimuuliza mwenye duka, atakwambia alikuwa anamkirimu mgeni. Na nusu ya mji itamuunga mkono, kwani ndivyo tunavyoamini: kumsemesha mgeni lugha yake ni adabu, na kumsifu ni kumtia moyo. Mimi nasema hiyo ni njia ya heshima ya kumfungia mtu mlango. Tena lugha yake ipi? Vijana wanaokuja kusoma hapa wanatoka Ujerumani, Italia, Korea, Uchina. Wengine Kiingereza chenyewe wanakibabaisha kama sisi. Tunakutana wote katika lugha isiyokuwa ya mtu yeyote pale, tunaita ukarimu.

Kwa mtalii sina neno. Anashuka boti leo, kesho yuko Nungwi, keshokutwa uwanja wa ndege. Mpeni bei kwa lugha yoyote atakayoielewa. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili pale Vuga amelipa ada, ameacha kwao, amekuja kwa jambo moja tu. Tangu TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliyopo hapo Vuga, ianzishwe mwaka 1979, kabla ya kuwa sehemu ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, watu wanavuka bahari kuja kusoma Kiswahili hapa Unguja, kwa sababu ni lahaja ya hapa, Kiunguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi tunajivunia sana jambo hilo. Kwenye hotuba hatulisahau. Mwenye kuja kukifuata akifika, tunakificha chini ya kaunta.

Darasani anafundishwa saa chache. Akitoka nje ya lango, mji mzima unamfundisha kinyume. Akikata kichochoro cha Shangani, papasi, wale wanaowinda watalii, wanamrushia “jambo” na “hakuna matata”, Kiswahili ambacho hakuna Mzanzibari anayemsemesha nacho mamake. Akipita barazani, wazee wananyamaza au wanageuza lugha. Na Mji Mkongwe wenyewe siku hizi ni wa nani? Nyumba nyingi zimegeuka hoteli, wenyewe wamehamia Fuoni na Mwanakwerekwe. Mgeni anapanga chumba chenye mlango wa nakshi akidhani Kiswahili kimo ndani ya kuta. Kuta ni za chokaa na mawe ya pwani, hazisemi.

Pale karibu na duka lile lipo kanisa la Mkunazini, lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873. Mjenzi wake, Askofu Edward Steere, aliingia Unguja mwaka 1864. Miaka sita baadaye akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa hapa. Usidhani babu zetu walikuwa walimu hodari kuliko sisi. Wengi wao hawakujua Kiingereza, basi. Steere hakuwa na pa kukimbilia, nao hawakuwa na cha kujionesha nacho. Maana tusidanganyane, nusu ya ule ukarimu wetu ni kutaka mgeni aone kwamba na sisi tumefika skuli.

Lakini linaloniudhi zaidi ni ile sifa. Mtu akitamka maneno matatu tunamvika kilemba cha ukoka, na akikosea hatumsahihishi, tunaona haya. Nilimjua mmoja, miezi mitatu mjini, kila akipita penye watu wanakula akaambiwa “karibu”, anakaa, anakula. Hakuna aliyemnong'oneza kwamba neno lile ni la heshima, na kwamba kwa kawaida mtu hushukuru akapita zake. Walimcheka akishaondoka. Mbele yake walikuwa wanamwambia amekuwa Mswahili khasa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunapenda kuitaja methali hii kwa mgeni mvivu, kana kwamba jembe ni adhabu. Mwenye kupewa jembe ndiye aliyehesabiwa kuwa ni wa nyumba ile.

Bibi mmoja wa Kikwajuni, aliyempangisha msichana wa kigeni chumba mwezi wa Ramadhani, hajui Kiingereza wala hana haja nacho. Mchana mmoja alimtuma Darajani kununua viazi vya futari. Yule msichana akaenda, akarudi na kikapu kizito, uso unang'aa. Bibi akafunua. Mbatata.

Kitabu cha huyu mtoto kiliandikwa kwa Kiswahili cha bara, ambako kiazi ni kile cha chipsi. Kwetu ukisema viazi umesema vitamu, vile vinavyopikwa kwa nazi. Mimi nilikuwapo, na nakiri nilishafungua kinywa kusema si neno, mbatata pia zinafaa, maskini kajitahidi. Bibi akanikata jicho.

“Mwanangu, hizi mbatata. Mimi nimekutuma viazi. Rudi.”

Saa tisa na nusu, jua la kaskazi linachoma, mtu amefunga pamoja na wenyeji wake kwa hiari. Akarudi sokoni. Huko akabishana na muuzaji aliyeng'ang'ania kumjibu kwa Kiingereza, mpaka, kwa masimulizi yake mwenyewe, akamwambia kwa sauti, “Sikutumwa na Mzungu, nimetumwa na bibi!” Soko likacheka, akaongezewa kiazi kimoja cha bure.

Alipoingia ndani jasho linamtiririka, Bibi alivishika kimoja kimoja, akavibonyeza, akamsogezea kisu na mbuzi ya kukunia nazi.

“Haya, kaa hapo umenye. Ukimaliza, nazi hizo.”

Hakumsifu.