Upanga ‘uliopotea’ na stori za jaba za runinga

Unaijua ile dokumentari. Usiku wa manane, bando limebaki kidogo, umelala simu ikiwa juu ya kifua. Kwenye skrini kuna jamaa amevaa kofia, anatembea polepole katika msitu wenye ukungu huko Japani. Ngoma zinapigwa. Sauti nzito inakuambia kuna upanga mmoja, mkali kuliko panga zote duniani, na haujaonekana tangu vita viishe. Matangazo. Jamaa anarudi, anafungua sanduku, ngoma zinapanda... kumbe ni upanga mwingine kabisa. Saa nzima imeenda. Bando pia.

Nimetazama hizi vitu nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mamangu. Nilipoacha chuo nilikuwa na muda mwingi na doh kidogo, na video za samurai hazikuniuliza nitamaliza lini digrii. Kwa hivyo siongei kama mtu anayezidharau. Naongea kama shabiki aliyechezwa. Dokumentari nyingi za panga zilizopotea zinachukua ukweli mtamu, zinauweka kando, halafu zinatuuzia stori za jaba ambazo hata hazina utamu wa ule ukweli.

Tuanze na ukweli wenyewe. Upanga unaotafutwa sana unaitwa Honjo Masamune. Masamune alikuwa mhunzi wa eneo la Sagami, karibu na Kamakura, mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Honjo ni jina la jemadari aliyeumiliki baadaye, Honjo Shigenaga. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Kawanakajima mwaka wa 1561, adui alimpiga nao hadi kofia yake ya chuma ikapasuka. Shigenaga hakufa. Alimmaliza yule adui na kuuchukua upanga. Mwishowe ukaangukia mikononi mwa ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani kuanzia 1603 hadi 1868. Mwaka wa 1939 serikali iliuorodhesha kuwa hazina ya taifa.

Kisha Japani ikashindwa vita mwaka wa 1945. Wamarekani wakaamuru raia wasalimishe silaha. Tokugawa Iemasa, mkuu wa ukoo wakati huo, angeweza kuuficha. Hakuuficha. Mnamo Desemba 1945 aliupeleka, pamoja na panga nyingine za familia, katika kituo cha polisi cha Mejiro jijini Tokyo. Januari 1946 polisi wakazikabidhi kwa mwanajeshi wa Marekani. Tangu siku hiyo, kimya.

Sasa niambie: huo upanga ulipotea, ama ulichukuliwa?

Hilo ndilo kosa la kwanza la hizi dokumentari, na ndilo kubwa. Zinasema “umepotea” kana kwamba upanga ulijiamkia asubuhi ukaenda zake. Mtu aliusalimisha kwa kutii sheria. Mtu mwingine akaupokea. Kulikuwa na kituo, tarehe na jina kwenye karatasi. Ukibadilisha neno moja tu, stori inakoma kuwa fumbo la msituni. Inakuwa swali la nani alipokea mali ya nani, na ilienda wapi.

Hata lile jina ni stori nzima. Kumbukumbu zinamtaja mpokeaji kama Sajenti “Coldy Bimore” wa kikosi cha 7th Cavalry. Kikosi hicho kilikuwa Tokyo kweli. Lakini watafiti wamesaka kwenye orodha za jeshi na hawajapata mtu wa jina hilo. Dokumentari hapa hupiga zumari la siri: jasusi! jina bandia! Tulia kwanza, buda. Kijapani, kama Kiswahili chetu, hupenda kufunga silabi kwa irabu, na hakitofautishi r na l. Afisa alisikia jina la kigeni, akaliandika kwa sauti za Kijapani, kisha mtu mwingine akalirudisha kwa herufi za Kizungu. Kuna wanaodhani alikuwa Cole D. B. Moore, au jina la kukaribiana na hilo. Sisi tunaotaniana kila siku kuhusu r na l tulifaa kuwa wa kwanza kuelewa.

Mimi naelewa zaidi. Nilipoenda kuchukua kitambulisho, karani wa ofisi fulani aliniongezea herufi moja kwenye jina. Moja tu. Nilizunguka miezi saba nikithibitisha kwamba mimi ndimi mimi, na muhula ukanipita hivyo. Hakukuwa na jasusi popote. Kulikuwa na karani aliyechoka na foleni ndefu. Upanga wa miaka mia sita unaweza kupotelea hapo hapo, na kwangu hiyo inatisha kuliko ukungu wote wa msituni.

Twende kosa la pili. Utaambiwa Masamune alishindana na mwanafunzi wake, Muramasa. Kila mmoja akasimamisha upanga kijitoni. Wa Muramasa ukakata kila jani lililoelea, wa Masamune ukayaacha majani yapite salama, na kwa hivyo ukawa mtakatifu. Ngano nzuri, na mtu akiisimulia kama ngano sina neno. Lakini Muramasa alifanya kazi karibu miaka 200 baada ya Masamune. Mwalimu alikuwa ameshaoza kaburini kabla mwanafunzi hajazaliwa. Hiyo haihitaji profesa, inahitaji mtu wa kutazama tarehe mbili.

La tatu: chuma “kilichokunjwa mara elfu”. Wahunzi wa Japani hukunja chuma mara 10 hadi 15 hivi. Kila ukikunja, matabaka yanaongezeka maradufu, kwa hivyo mikunjo 15 inakupa matabaka 32,768. Hapo ndipo watu huchanganya matabaka na mikunjo. Na hawakunji kwa sababu ya uchawi. Chuma chao huyeyushwa kutoka kwa mchanga wenye madini, na hutoka kikiwa na uchafu, kaboni ikiwa imejaa huku na kupungua kule. Kukikunja kunasukuma uchafu nje na kusambaza kaboni sawasawa. Ukizidisha, moto unaichoma kaboni na chuma kinakuwa laini. Yaani ufundi wenyewe ni kujua wakati wa kuacha. Nani alikuambia hiyo haivutii kuliko “mara elfu”?

La nne ni la kukusaidia kuwashika. Jamaa wa kofia akitoa upanga kwenye mpini, akamulika tochi kwenye msuka na kupiga kelele kwamba ameona sahihi ya Masamune, wewe anza kushuku. Masamune alitia sahihi kazi chache sana. Panga zake hutambuliwa kwa namna chuma kilivyo na kwa ule mstari wa mawimbi karibu na makali. Honjo Masamune ina michoro iliyohifadhiwa, na imo katika orodha ya panga mashuhuri iliyotayarishwa mwaka wa 1719 kwa amri ya shogun Tokugawa Yoshimune. Kwa hivyo ukijitokeza leo, kuna kitu cha kuulinganisha nacho. Kuulinganisha ni kazi ya polepole, mezani, na mtu mwenye miwani. Haina ngoma, ndiyo maana hatuioni.

Najua utasema: msee, hii ni burudani tu, nani ataumia? Wacha nikufungulie roho. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye blogu yangu kwamba Honjo Masamune imepatikana. Nilikuwa nimeona kichwa cha habari na video mbili. Makala hayo yalisomwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika, na nikajiona mkubwa. Kumbe upanga uliopatikana ulikuwa Shimazu Masamune, mwingine kabisa, ambao sasa uko katika Makumbusho ya Taifa ya Kyoto. Nilipogundua, sikusahihisha. Nilijiambia hakuna anayejali. Kisha binamu yangu wa kidato cha pili akasimama mbele ya darasa na kusimulia habari yangu, akinitaja kwa fahari. Mwalimu akamuuliza, “Una hakika ni huo?” Akasema ndiyo, kwa sababu kaka yake ndiye aliyeandika. Alirudi nyumbani na hakunisemesha siku mbili. Huyo ndiye aliyeumia. Makala nimeyasahihisha sasa, na kosa nimeliandika juu kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni stori za kweli zinazokosa nafasi kwa sababu ya hizi za uongo. Kuna upanga wa mhunzi Kunimune, hazina ya taifa, uliotoweka baada ya vita kutoka hekalu la Terukuni huko Kagoshima. Ulitokea Marekani. Daktari Walter Compton, mkusanyaji wa panga, aliununua, akautambua, na mwaka wa 1963 akaurudisha bila kudai malipo. Kuna pia Hotarumaru wa hekalu la Aso, uliotoweka kipindi hicho hicho. Mwaka wa 2015 wahunzi waliomba mchango mtandaoni ili kuunda nakala yake, na mashabiki wa mchezo wa kompyuta ambao upanga huo ni mhusika wakafurika. Pesa zikapita kiwango walichoomba. Harambee ya vijana kwa ajili ya upanga! Hiyo ningelipia bando.

Na sisi tunafaa kuwa wakali zaidi kuhusu neno “kupotea”. Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka wa 1905, na fimbo zake za uongozi zikapelekwa Uingereza. Zilikaa huko zaidi ya miaka mia moja hadi zikarudishwa mwaka wa 2006 na mwana wa Meinertzhagen, mwanajeshi aliyemuua. Je, zilikuwa zimepotea? Zilikuwa nyumbani kwa mtu. Hata Honjo Masamune huenda iliyeyushwa, huenda ilitupwa, au huenda iko kwenye dari ya nyumba ya mjukuu wa mwanajeshi asiyejua ni nini. Ukimwambia mjukuu huyo kwamba upanga ni fumbo la kale, atafurahia filamu na kulala. Ukimwambia kuwa uliondoka kituo cha polisi cha Mejiro mwezi wa Januari 1946, pengine atapanda darini.

Kwa hivyo sikuambii uache kutazama. Tazama, hata mimi leo usiku nitatazama. Ila uwe na maswali matatu mkononi. Tarehe zinakubaliana? Wanasema “inasimuliwa” pale ambapo ni masimulizi, ama wanayapitisha kama ukweli? Na wakisema kitu kimepotea, wametaja nani alikuwa nacho mwisho? Wakishindwa la tatu, zima, uokoe bando. Na kama ulikuwa umeshamtumia rafiki yako hiyo video, mpigie umwambie. Inauma dakika mbili tu. Mimi ilibidi nimpigie binamu yangu.