Umenyimwa msaada wa elimu maalum? Omba jibu la maandishi

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anaomba maandishi makubwa, anajibiwa "shule haina". Asiyesikia anaomba mwalimu wa lugha ya alama, anaambiwa ahamie shule ya mbali. Ni rahisi familia kuishia hapo, kumbe neno la shule si la mwisho.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kinataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida na apewe huduma anazohitaji kujifunzia, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Kwa hiyo anayeomba haombi hisani. Na anayehamishwa ana haki ya kuuliza sababu.

Nani alalamike? Aliyetimiza miaka 18 anaandika mwenyewe. Wa chini ya hapo huandikiwa na mzazi au mlezi, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Anza na mkuu wa shule, kisha afisa elimu kata, kisha afisa elimu maalum na mkurugenzi wa halmashauri. Hakikisha unajua halmashauri yako: Bariadi Mji na Bariadi Wilaya ni mbili tofauti. Sheria hiyo ya 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

Ikishindikana, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye tawi Mwanza. Tume huchunguza na kutoa mapendekezo. Mwisho ni Mahakama Kuu, kwa Ibara ya 30 ya Katiba. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aoneshe ameathirika yeye binafsi na amemaliza njia nyingine.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa na thamani. Jibu la mdomo halina tarehe wala sahihi. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri, na omba ujibiwe kwa barua.

Usichelewe pia. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Siku ya mtihani haisubiri rufaa ya mtu.