Mchezaji Aliyejishitaki

Katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na mara nyingi mchezaji hujihesabia mwenyewe. Mwaka 1925, kwenye kiwanja cha Worcester, Marekani, Bobby Jones alikuwa akishindania ubingwa wa nchi hiyo. Alipojiweka tayari kupiga, mpira ukatikisika kidogo majanini. Hakuna mwingine aliyeona. Hata hivyo alijishitaki kwa wasimamizi, akaongezewa pigo moja. Mizunguko minne ilipokwisha alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane. Waliporudiana, Jones akashindwa. Pigo lile ndilo lililomkosesha kikombe. Watu walipomsifu alikataa, akisema ni kama kumsifu mtu kwa kutoiba benki. Karani mbele ya daftari na mkulima mbele ya mizani hujaribiwa vivyo hivyo, pasipo shahidi.